Twita ya monita imeungua, iliyopo dukani ni "tofauti kidogo". Niifunge au niache?

biti_za_ilala

Wakuu habari za jioni. Swali kwa wanaozijua spika kwa ndani.

Studio natumia monita (spika za kumiksia) za Yamaha NS-10M Studio, zile za koni nyeupe, na amp ya nje. Wiki iliyopita msanii alifungua maiki kwenye chumba cha kumiksia wakati monita ziko juu. Ikapiga ule mluzi, ukakaa kidogo kabla sijaifikia volyumu. Tangu hapo upande wa kulia unasikika kama umefunikwa blanketi. Nimepima twita (ile spika ndogo ya sauti za juu) kwa mita: ya kushoto inasoma omu sita hivi, ya kulia haisomi kitu.

Kariakoo nimepata twita ya kuba la kitambaa. Matundu ya skrubu yanakaribiana, muuzaji anasema "ni ileile tu, bosi". Nyuma imeandikwa omu 4 na 92 dB, yaani ukali wa sauti yake. Kuba lake ni dogo kidogo, nimepima milimita 25. Niifunge kulia maisha yaendelee, au kuna kitu nitaharibu?

Chuma_cha_Temeke

Funga mkuu. Twita ni twita. Kazi ni kutoa "tsss", nayo inatoa.

mzee_wa_krosova

Mwanangu usifunge kwanza.

Mluzi wa maiki unaua twita kuliko hata volyumu kubwa ya muziki. Muziki unapanda na kushuka, koili (waya uliozungushwa ndani ya twita) inapata nafasi ya kupoa. Mluzi ni noti moja ya juu isiyokoma, krosova (saketi inayogawa sauti za juu na za chini) inaipeleka yote kwenye twita, na waya wa koili ile ni mwembamba mno. Sekunde chache zinatosha. Kwa hiyo usiutafute ugonjwa kwenye krosova wala kwenye amp. Mita imeshakwambia koili imekatika.

Sasa hiyo ya Kariakoo. Matundu ya skrubu ni jambo la mwisho kuangalia. La kwanza ni omu, kwa sababu kapasita iliyo mbele ya twita haijui inakatia wapi, yaani ianze kupitisha sauti kutoka kilohezi ngapi, mpaka ijue inasukuma omu ngapi. Chukua mfano rahisi wa kapasita moja tu. Mikrofaradi 10 mbele ya omu 8, kama twita yako ya asili (mita husoma chini kidogo, ndiyo maana uliona sita), inakata kwenye kilohezi 2. Kapasita hiyohiyo mbele ya omu 4 inakata kwenye kilohezi 4. Krosova ya NS-10M si kapasita moja, lakini mambo yanaelekea hukohuko.

Monita yako imegawanywa kwenye kilohezi 2. Wufa (spika kubwa ya sauti za chini) inaachia hapo, halafu twita yako mpya inaanza kushika vizuri kwenye 4. Katikati pana shimo, na shimo lenyewe limeangukia pale ambapo maneno ya mwimbaji yanaeleweka na snea inapata mlio wake. Wewe hutasikia shimo. Utasikia vokali imejificha, utaipandisha, utaipeleka kwa mteja, na kwenye gari lake itamchoma masikio.

Na hilo ni upande wa kulia tu. Kushoto mambo yako sawa. Sauti iliyo katikati itakuwa na mwili katikati na makali yake yameegemea kushoto.

waya_mwekundu

Shikamoo mzee. Lakini dawa si iko wazi? Aongeze rezista ya omu 4 kwa mfululizo, jumla inakuwa 8, krosova haioni tofauti. Kesi imeisha.

mzee_wa_krosova

Marahaba. Kesi ndiyo inaanza.

Kweli krosova itaona omu 8. Lakini rezista itakula nusu ya volti, maana yake twita inashuka 6 dB. Imeandikwa 92, inabaki 86. NS-10M nzima iko kwenye 90 dB. Umetengeneza spika ya kusikilizia taarifa ya habari.

Utasema labda ile 92 ilipimwa kwa wati 1. Hapo ndipo namba za nyuma ya twita zinapodanganya watu. Wengine wanapima kwa wati 1, wengine kwa volti 2.83. Kwa omu 8 ni kitu kimoja, kwa sababu volti 2.83 kwenye omu 8 ni wati 1 kamili. Kwenye omu 4 volti hizohizo ni wati 2, yaani 3 dB zaidi bure. Kama 92 yake ni ya wati 1, basi kwa volti 2.83 ni 95, ukitoa 6 inabaki 89, na hapo tunaweza kuongea. Kama ni ya volti, ni 86 na hatuongei. Muuzaji anajua ni ipi? Hajui, na kiboksi hakisemi.

Sasa chukulia bahati imeangukia upande wako, ni 89. Umeirudisha twita kwenye mkato wa kilohezi 2. Kuba la NS-10M lina milimita 35. Ukubwa huo ndio unaoiruhusu kushuka hadi kilohezi 2 bila kulia. Twita ndogo nyingi za milimita 25, hasa zile zilizozaliwa kwa ajili ya milango ya magari, zina mtetemo wao wa asili kwenye kilohezi 1.5 au hata juu ya hapo, na sisi mafundi tunataka mkato uwe angalau mara mbili ya mtetemo huo. Hiyo inataka kilohezi 3 kwenda juu. Ukiilazimisha kwenye 2 itakwaruza volyumu ikipanda, kisha itakwenda ilikokwenda mwenzake.

Kwa hiyo bila rezista una shimo, ukiweka rezista unaiua. Twita yenyewe inaweza kuwa nzuri tu kwenye boksi lake. Hapa haina kazi.

Chuma_cha_Temeke

Mzee umeandika kitabu lakini nimekuelewa 😂 Nafuta kauli.

gitaa_la_likoni

Salamu kutoka Mombasa. Swali la kando: kwani hiyo iliyoungua haisukwi upya? Hapa mafundi wanasuka koili za spika za harusi kila siku.

mzee_wa_krosova

Wanasuka, na kwa spika za harusi wanafanya kazi ya maana. Koili ya wufa ni kubwa, gundi ikizidi kidogo hakuna atakayejua. Twita ya kuba ni habari nyingine. Kwa twita nyingi za aina hiyo, kuba na koili pamoja havifiki gramu moja. Tone la gundi linaongeza uzito unaosikika, na sauti za juu kabisa ndizo zinazoondoka kwanza. Halafu ile nafasi kati ya sumaku na koili ni finyu mno. Koili ikiegemea upande nywele moja tu, inakwaruza. Nimewahi kuona twita iliyosukwa ikapona kwenye mita na ikafa kwenye masikio: omu zilezile, mlio mwingine kabisa.

KapasitaMoja

Naomba nitie historia kidogo kwa sababu inahusu.

NS-10M ilitoka 1978 kama spika ya nyumbani ya hi-fi, na huko haikuvuma sana. Studio ndizo zilizoipa jina. Tatizo lililolalamikiwa ni ukali wa juu, ndiyo maana mainjinia walikuwa wananing'iniza karatasi ya chooni mbele ya twita. Jina linalotajwa sana kwenye habari hiyo ni Bob Clearmountain, na Bob Hodas alikaa chini akapima karatasi mbalimbali zinafanya nini. 1987 Yamaha wakaleta NS-10M Studio, upande wa juu ukiwa umepozwa na jina limeandikwa kwa kulala, kwa sababu watu walikuwa wanazilaza juu ya mixer. Uzalishaji ulikoma 2001, na sababu iliyotolewa ni kwamba malighafi ya ile karatasi ya koni ya wufa haikupatikana tena.

Kwa nini nasema inahusu? Twita ya toleo la kwanza inaitwa JA0518. Ya toleo la Studio ni JA0518A. Mtandaoni utakuta mtu anauza JA0518 iliyotumika na anasema "original ya NS-10". Hadanganyi, lakini si ya kwako. Ukiiweka kulia na kushoto ukabaki na yenye A, bado una monita mbili tofauti, tena zote zina nembo ya Yamaha ukashindwa hata kumlaumu mtu.

Njia nyingine: Avantone wanatengeneza CLA-10, spika iliyofuata nyayo za NS-10M Studio, na twita yake wanaiuza peke yake, AV10 MHF, wakiilenga kuwa kipuri cha NS-10. Hiyo nayo ni "tofauti kidogo", ila tofauti yake ilifikiriwa na mtu aliyekuwa na NS-10M mezani.

biti_za_ilala

Asanteni sana, hasa mzee. Nimeangalia nyuma, zangu zina A zote mbili.

Hiyo ya Avantone naweza kuipata kupitia ndugu aliyeko Uingereza. Nichukue moja au mbili? Moja kwa usafiri tu inauma.

mzee_wa_krosova

Mbili.

Hata ungepata JA0518A iliyotumika ningekwambia hivyohivyo, au angalau upime kabla hujaamini. Kuba la kitambaa linazeeka. Ile dawa waliyoipaka inakauka, jua la dirishani linaipiga, kidole cha mtoto kinaibonyeza. Twita yako ya kushoto imefanya kazi zaidi ya miaka 20. Mpya pembeni yake hazitalingana, hata namba zikiwa zilezile.

Na kwa monita, kulingana kushoto na kulia ni muhimu kuliko kuwa sahihi. Spika mbili zenye kosa moja utazizoea ndani ya mwezi, kichwa chako kitajifunza kulitoa hilo kosa. Spika mbili zenye makosa mawili tofauti huzizoei maisha yako yote, kwa sababu kila ukizungusha panpoti (kitufe cha kupeleka sauti kushoto au kulia) kosa linabadilika.

fidla_ya_mkunazini

Assalaam alaykum nyote. Mie niko Unguja, narekodi taarab. Napenda kutofautiana na mzee kidogo, kwa heshima.

Monita zangu, si NS-10, ziliungua twita na kampuni ilishaacha kuzitengeneza. Sikupata pacha. Nikatia mbili za aina nyengine kabisa, omu 8 kama za zamani, kuba milimita 25 kama za zamani, ila zilikuwa kali zaidi kwa 3 dB hivi. Nikazipoza kwa rezista mbili kila upande. Leo ndizo ninazomiksia fidla na kanuni, vyombo ambavyo vyote viwili makali yake yako pale kilohezi 2 mpaka 4 mlipopataja. Ukikosea hapo kanuni inageuka bati. Haijageuka.

Kwa hiyo tusimtishe kijana kuwa pasipo twita ya asili hapana maisha. Sharti awe na omu zilezile, kuba linaloweza kushuka mpaka kwenye mkato, na ziwe mbili. Baadae ni kazi ya kupima na kuzoea.

mzee_wa_krosova

Waalaykum salaam. Hatujatofautiana ndugu yangu, umeyasema yote. Uliyapata wapi maadili ya rezista?

fidla_ya_mkunazini

Kwa hesabu ya kawaida. Kushusha 3 dB kwa omu 8: ya mfululizo 2.3, ya sambamba kwenye twita kama 19. Dukani nikapata 2.2 na 20, za seramiki za wati 10. Uzuri wa kutumia mbili ni kuwa krosova bado inaona omu 8. Ukitia ya mfululizo peke yake unausogeza mkato, na unarudi kwenye shimo la mzee.

Nilichohangaika nacho zaidi ni kina. Bati la uso la twita mpya lilikuwa jembamba, likazama ndani ya tundu. Sentimita 1 tu, mtu ataona si kitu. Lakini kwenye kilohezi 2 wimbi zima ni sentimita 17, basi sentimita 1 ni digrii 21 za kupishana baina ya wufa na twita. Seremala akanichongea pete ya MDF, twita ikakaa usawa wa uso wa boksi. Msiipuuze pete.

sauti_ya_kimara

Mimi nina monita zenye amp ndani. Somo hili linanihusu?

waya_mwekundu

Linakuhusu na ni gumu zaidi. Kwenye zenye amp ndani, twita ina amp yake, mara nyingi imeunganishwa moja kwa moja bila kapasita. Saketi imepangwa kwa twita ile ya kiwandani: kama twita ina bonde kwenye kilohezi 8, saketi inapandisha hapo. Ukileta twita isiyo na bonde unapata kilima. Halafu lile bati lililobonyea kuzunguka twita linaielekeza sauti na kuiongezea nguvu kwa chini, ni sehemu ya twita. Ukiweka yenye uso bapa umetupa nusu ya kazi. Kwa hizo tafuta kipuri chenyewe kwa namba yake, usihangaike na mbadala.

Na kabla ya kununua, pima amp. Ikiwa amp ya twita ndiyo iliyokufa na inatoa umeme wa moja kwa moja, twita mpya itaungua siku hiyohiyo ukiwa bado umeshika bisibisi.

biti_za_ilala

Wakuu, mrejesho. Twita zimefika, jozi ya AV10 MHF. Kabla sijafungua boksi, nipeni utaratibu wa kufunga na kupima. Sina maiki ya kupimia, nina kondensa ya kurekodia vokali tu.

mzee_wa_krosova

Kondensa inatosha kwa kazi yako. Kila maiki ina rangi yake, lakini wewe unalinganisha kushoto na kulia, na rangi ile inaingia kwenye vipimo vyote viwili, kwa hiyo inajifuta. Ungekuwa unatengeneza spika mpya ningekutuma ukanunue maiki ya kupimia.

Kufunga: laza boksi chali. Kabla ya kugusa waya, piga picha na utie alama waya uliokuwa kwenye chanya. Usiamini rangi peke yake wala usifikiri sana, kuna krosova ambazo kiwandani twita inageuzwa kwa makusudi. Rudisha kama ilivyokuwa. Kama ni kulehemu, chuma kiwe cha moto na uguse haraka, kwa sababu vile vishikizo vimekaa kwenye plastiki na kwa nyuma ndipo waya wa koili ulipoanzia. Plastiki ikilainika kishikizo kinacheza, waya unakatika, na umeua twita mpya bila kuipiga hata noti moja. Bisibisi yenye sumaku iweke mbali na kuba. Twita itaivuta, na kitambaa hakishindani na bisibisi.

Kupima: pakua Room EQ Wizard, programu ya kompyuta ya kupimia spika, ni bure. Weka spika moja mahali, maiki mbele yake kama mita 1, usawa kati ya twita na wufa. Piga ule mlio unaopanda, anzia hezi 500, volyumu ya chini. Kisha ondoa spika hiyo na uweke ya pili PALEPALE. Ukipima kila moja mahali pake utakuwa unapima ukuta na meza yako. Mistari miwili ikikaa ndani ya 1 dB kutoka kilohezi 1 kwenda juu, shukuru Mungu ufunge mlango.

Kisha geuza waya za twita ya upande mmoja kwa muda, upime tena. Panatakiwa paonekane bonde refu karibu na kilohezi 2. Likiwepo, ujue ulivyofunga mwanzo ndivyo. Kama bonde linajitokeza kwenye hali ya mwanzo na linatoweka ukigeuza, basi alama ya chanya ya twita mpya iko kinyume na ya zamani.

Mwisho masikio: pinki noizi (ule mlio wa "shhh") kwa mono, yaani sauti ileile pande zote mbili, kaa katikati, fumba macho. Inatakiwa iwe nukta moja mbele ya pua. Kama "shhh" inavutwa upande mmoja, bado.

biti_za_ilala

Nimemaliza jana usiku, nimesubiri nikasikilize asubuhi masikio yakiwa mapya.

Mistari ya kushoto na kulia imelaliana vizuri, bonde nimeliona nilipogeuza, nimerudisha. Kwa udadisi nilipima pia boksi la kushoto kabla sijalitoa twita yake ya zamani. Mzee ulisema kweli, halikufanana na jipya. Juu kabisa ya zamani imechoka. Kumbe miaka yote nilikuwa namiksia na upande mmoja uliolala, pengine hata wa kulia ulikuwa hivyo kabla haujafa.

Nimefungua kazi mbili za zamani. Hai-hati nilizokuwa naziona za wastani sasa naziona kali, kwa hiyo nilikuwa nazipandisha kufidia. Sijagusa miksi ya mteja yeyote bado, nasikiliza tu nyimbo za watu ninazozijua mpaka nizoee.

Maiki ya chumba cha kumiksia nimeitolea kebo kabisa.

Chuma_cha_Temeke

Safi sana. Hiyo twita nzima ya kushoto iliyobaki unaiuza? Mimi pia nina NS-10, yangu ya kulia imekufa.

biti_za_ilala

Naiuza. Zako nyuma zimeandikwa nini?

Chuma_cha_Temeke

Ngoja nikafungue... JA0518. Haina A.

KapasitaMoja

😂😂😂

mzee_wa_krosova

Chuma, panda juu usome uzi tangu mwanzo. Ukimaliza nenda PM, nina mtu Tabata ana jozi ya JA0518 nzima, boksi zake zililiwa na mchwa. Ila nenda na mita yako.